Uzi: Alama za kutegemeka kwa magari yaliyotumika hutungwaje, na kwa nini orodha mbili hazikubaliani kuhusu gari lilelile?

#1 Msafiri_Mpole (mleta mada)
Habari zenu wakuu. Natafuta gari lililotumika, la umri wa miaka saba hadi tisa, na kwa wiki tatu sasa nimekuwa nikisoma orodha za magari yanayosemekana kuwa hayasumbui. Kilichonileta hapa ni kwamba gari moja, toleo lilelile na mwaka uleule wa kutengenezwa, limepewa alama ya juu kabisa katika orodha moja, na katika orodha nyingine limewekwa karibu na mkiani. Orodha zote mbili zinadai kuwa zimetokana na maelfu ya magari halisi. Siombi kuchaguliwa gari. Ninachotaka kuelewa ni nani anayehesabu, anahesabu nini, na anapoandika kwamba gari fulani linategemeka amelipima kwa kipimo gani.

#2 Bi_Takwimu
Karibu Msafiri. Orodha hizo huchotwa katika visima vitatu tofauti, na ukishajua kila moja imechotwa wapi, sehemu kubwa ya mgongano unaouona itaeleweka.

Kisima cha kwanza ni madodoso ya wenye magari. Consumer Reports ya Marekani, taasisi isiyo ya kibiashara iliyoanzishwa mwaka 1936, kila mwaka huwauliza wanachama wake magari yao yamepata matatizo gani ya kweli katika miezi 12 iliyopita. Majibu hupangwa katika maeneo 20 ya gari, kuanzia injini na giaboksi hadi breki zinazolia na mapambo ya ndani yaliyobanduka, na tatizo la injini hupewa uzito mkubwa kuliko kitasa kilicholegea. Katika miaka ya karibuni majibu hayo yamehusu magari yapatayo 300,000. J.D. Power, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1968, nayo hutumia madodoso, ila matokeo yake huyataja kama idadi ya matatizo kwa kila magari 100.

Kisima cha pili ni ukaguzi wa lazima wa usalama, kama ule wa Ujerumani na wa Uingereza. Cha tatu ni kumbukumbu za wale wanaoitwa gari likishakwama, yaani wasaidizi wa barabarani na kampuni zinazouza dhamana za matengenezo. Visima hivi vitatu havipimi kitu kimoja, ingawa vyote hutumia neno lilelile.

#3 Fundi_Mzee
Nimefungua injini kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa heshima zote kwa Bi_Takwimu, dodoso la mwenye gari nalipa imani ndogo. Mteja huja akisema giaboksi imekufa, nami nakuta kishikio cha injini kimekatika na gari linatikisika kila gia inapoingia. Mwingine huapa kwamba gari lake halijawahi kumsumbua, kumbe oili inavuja kwenye gasketi ya kava tangu mwaka juzi na yeye huongeza lita moja kila mwezi bila kuliona hilo kuwa tatizo. Wote wawili wakiletewa dodoso, wa kwanza ataandika giaboksi na wa pili ataandika hakuna. Dodoso hukusanya maudhi ya mwenye gari. Hitilafu yenyewe huonekana boneti likishafunguliwa.

#4 Kilomita_Laki
Nimuunge mkono Bi_Takwimu kwa jumla, ila kuna jambo ameliruka, na kwa mnunuzi kama Msafiri ndilo kubwa. Utafiti wa J.D. Power unaoitwa wa kutegemeka huwauliza wamiliki wa kwanza wa magari yenye umri wa miaka mitatu. Wana utafiti mwingine wa ubora wa mwanzo, ambao huangalia siku 90 za kwanza tu. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo miwili unaomfikia mtu aliyenunua gari likiwa na miaka minane, mikononi mwa mmiliki wa tatu. Alama hiyo inaweza kuwa sahihi kabisa kwa aliyelinunua gari likiwa jipya, huku ikikuambia machache kuhusu cheni ya taimingi inayoanza kulegea gari likishatembea kilomita laki na nusu.

#5 Mama_Usukani
Naomba ufafanuzi, kwa maana nimesoma mahali kwamba wastani wa J.D. Power kwa mwaka 2024 ulikuwa 190. Matatizo 190 kwa magari 100? Ina maana magari yote yaliharibika?

#6 Bi_Takwimu
Swali zuri, Mama_Usukani. Ile si asilimia ya magari yaliyoharibika. Hujumlishwa matatizo yote yaliyotajwa na kugawanywa kwa idadi ya magari, na gari moja linaweza kutajwa kuwa na matatizo manne huku jingine likiwa halina hata moja. Kwa hiyo 190 ni karibu matatizo mawili kwa kila gari ndani ya miezi 12, na mwaka 2025 wastani ulipanda hadi 202. Angalia pia kinachoitwa tatizo. Dodoso lile lina vipengele 184, na simu isiyoungana na skrini ya gari huhesabiwa moja, sawasawa na jenereta ya umeme iliyoungua.

Fundi_Mzee, nakubali kwamba mwenye gari hakosi kukosea jina la kilichoharibika. Lakini makosa ya majina hujirudia kwa wamiliki wa magari ya kila aina kwa kiasi kinachokaribiana, hivyo unapolinganisha gari na gari sehemu kubwa ya makosa hayo hujifuta yenyewe.

#7 Fundi_Mzee
Yangejifuta kama wamiliki wa kila aina ya gari wangekuwa na tabia moja, na hawako hivyo. Anayenunua gari lenye sifa ya uimara husamehe. Anayenunua gari la kifahari hulalamikia hata mlio wa kiti. Hilo takwimu zako hazilifuti, dada yangu.

#8 Nyota_ya_Asubuhi
Kuhusu skrini, kuna kisa kinachoonyesha vizuri namna alama zinavyoweza kuyumba. Katika utafiti wa ubora wa mwanzo wa J.D. Power, Ford ilikuwa nafasi ya 5 mwaka 2010, na mwaka 2011 ikaporomoka hadi nafasi ya 23. Injini zake hazikuoza ndani ya miezi kumi na miwili. Sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa mfumo mpya wa skrini ya kugusa, MyFord Touch, ambao watu waliona mgumu kutumia, pamoja na giaboksi zilizokuwa zikibadilisha gia kwa kusitasita. Mnunuzi wa gari lililotumika anayeiona nafasi ya 23 bila kufungua kurasa za ndani hawezi kutenganisha mtu aliyeudhika na kioo na mtu aliyekwama barabarani.

#9 Kilomita_Laki
Nyota, katika mfano wako umeziweka giaboksi nyuma ya skrini kana kwamba ni jambo la pembeni. Kusitasita kwa gia si sawa na kioo kigumu kutumia. Dalili ya aina hiyo katika siku 90 za kwanza ndiyo hasa ambayo mnunuzi wa miaka minane baadaye angetamani awe ameisoma, kwa hiyo kisa chako kinathibitisha pande zote mbili. Orodha ilipiga kelele kwa sababu isiyo na uzito mkubwa, na ndani ya kelele hiyohiyo mlikuwamo onyo lenye maana.

#10 Mkaguzi_Mstaafu
Salaam. Nimekagua magari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, hivyo niruhusiwe kusema machache kuhusu kisima cha pili.

Nguvu ya ukaguzi ni kwamba hauchagui. Mwenye gari mwenye hasira na mwenye gari mpole wote huja, na kinachoandikwa ni kile mkaguzi alichokiona kwa taa na nyundo. Kila mwaka muungano wa mashirika ya TÜV ya Ujerumani hutoa ripoti inayotokana na mamilioni ya kaguzi za aina hiyo, ikiyapanga magari kwa rika, kuanzia ya miaka miwili hadi mitatu na kupanda hadi ya miaka 12 na 13. Nchini Uingereza gari hukaguliwa mara ya kwanza likifika miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na matokeo huwekwa wazi kwa umma.

Udhaifu wake nao nauungama. Mkaguzi hupima usalama na moshi. Taa zenye mwelekeo mbaya, tairi zilizolika, diski za breki zenye kutu, bushi (mipira ya kwenye viungo vya magurudumu) zilizochanika na chasisi iliyooza, yote hayo utayapata humo. Giaboksi inayokaribia kufa hupita ukaguzi bila neno, mradi gari linatembea na kusimama. Kompresa ya kiyoyozi haitazamwi kabisa.

#11 Nyota_ya_Asubuhi
Sahihisho dogo kwa Mkaguzi: uliloeleza ni utaratibu wa Ujerumani, yaani miaka mitatu kisha kila miwili. Uingereza ni miaka mitatu kisha kila mwaka. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu gari linalokaguliwa kila mwaka lina muda mfupi zaidi wa kulimbikiza kasoro kabla halijaonwa, na viwango vya kufeli vya nchi hizo mbili haviwezi kuwekwa kando kwa kando.

#12 Mkaguzi_Mstaafu
Umesema kweli, nimechanganya, ahsante. Niongeze kwamba Waingereza wana faida moja ambayo sijaitaja. Mtu akiwa na namba ya usajili anaweza kuangalia historia ya ukaguzi wa gari lenyewe, pamoja na kilomita au maili zilizoandikwa kila mwaka. Kwa mnunuzi, historia ya gari moja mbele ya macho yake naiweka juu ya wastani wa magari elfu kumi asiyoyajua. Aliyerudisha odometa nyuma hunaswa hapo.

#13 Waya_na_Betri
Nimesubiri mtu aguse magari ya umeme, kwa kuwa ndipo visima vitatu vya Bi_Takwimu vinapogombana waziwazi.

Novemba 2023 Consumer Reports ilitangaza kwamba magari ya umeme ya matoleo ya miaka mitatu iliyokuwa ya karibuni yalikuwa na matatizo zaidi kwa asilimia 79 kuliko ya petroli, kwa wastani. Mwezi huohuo, ripoti ya TÜV ya 2024 iliiweka Tesla Model 3 ya mwisho katika rika la miaka miwili hadi mitatu, asilimia 14.7 ya magari hayo yakiwa na kasoro kubwa, huku Golf Sportsvan ya Volkswagen ikiongoza kwa asilimia 2.0 tu. Mtu angefunga shauri hapo. Kisha ADAC, chama cha waendesha magari cha Ujerumani ambacho mafundi wake huitwa gari linapozima, kikaja na hesabu za mwaka 2024: kwa magari ya umri wa miaka miwili hadi minne, ya umeme yalikwama mara 4.2 kwa kila magari 1,000, na ya mafuta mara 10.4.

Maswali yalikuwa matatu na majibu nayo yakawa matatu. Wa kwanza aliuliza kama mwenye gari alipata tatizo, na hapo vitasa, chaja na vifaa vya ubaridi vikaingia. Wa pili aliuliza kama gari lina kasoro za usalama siku ya ukaguzi, na gari linalojipunguzia mwendo kwa mota huacha diski za breki zikae bila kazi zikashika kutu. Wa tatu aliuliza kama gari lilimwacha mtu njiani. Hakuna aliyesema uongo.

#14 Fundi_Mzee
Waya_na_Betri, hakuna aliyesema uongo, ila pia hakuna aliyemaliza habari. Hizo hesabu za ADAC ni za nini hasa? Zaidi ya asilimia 40 ya miito yao kila mwaka ni betri ndogo ya kuwashia. Gari linalotembezwa mara moja kwa wiki huua betri, na kosa si la aliyelibuni. Zaidi ya hayo, watengenezaji wengine wana huduma yao ya barabarani, na wateja wao hawaiti ADAC. Gari hilo litaonekana jema kwa sababu tu limebebwa na mwingine.

#15 Waya_na_Betri
Nakubaliana nawe kuhusu huduma za watengenezaji, na ni kasoro ya kweli ya kisima hicho. Kuhusu betri sikubaliani. Betri ya volti 12 ndiyo inayoongoza kwa miito ya magari ya umeme vilevile, hivyo mzigo huo umebebwa na pande zote mbili. Na aliyekwama amekwama. Kama mfumo wa umeme wa gari hunyonya betri hata likiwa limezimwa, huo ni ubunifu, na anayelinunua likiwa kuukuu ataurithi.

#16 Tuliza_Boli
Mimi nina kidonda, naomba nikisimulie. Nilinunua gari la miaka sita ambalo orodha mbili zililipa alama ya juu. Baada ya miezi minne giaboksi ikaanza kuteleza kati ya gia ya pili na ya tatu, na katika mwezi wa sita ikagoma. Nilichokuja kugundua baadaye ni kwamba gari la jina lile liliuzwa na injini mbili na giaboksi mbili tofauti katika mwaka uleule, na orodha zote mbili ziliyaweka yote katika mstari mmoja. Walionunua giaboksi ya kawaida walikuwa wengi na wenye furaha. Sisi wachache tulimezwa ndani ya wastani wao. Mpaka leo bado nasikitika, kwa sababu nilifanya kila nililoambiwa nifanye.

#17 Mama_Usukani
Pole sana, Tuliza_Boli. Na waandaaji walishindwaje kuyatenganisha?

#18 Bi_Takwimu
Pole ndugu. Mara nyingi hushindwa kwa uhaba wa sampuli, na hapa nitaomba uvumilivu wenu kwa hesabu kidogo.

Chukulia kwamba kwa kweli magari 10 katika kila 100 ya aina fulani hupata tatizo kubwa kwa mwaka. Ukiwauliza wamiliki 100 waliochaguliwa bila upendeleo, bahati pekee inaweza kukupa jibu lolote kati ya takriban 4 na 16. Ukiwauliza 400, jibu litaangukia kati ya 7 na 13 hivi kwa kila 100. Sasa gawanya wamiliki hao 100 kwa injini mbili na giaboksi mbili, na kila kifungu kitabaki na watu 25, idadi isiyoweza kubeba uamuzi wowote. Mwandaaji hubaki na njia mbili: ama awachanganye, kama ilivyompata Tuliza_Boli, ama aache nafasi wazi. Taasisi makini huacha nafasi wazi au huunganisha miaka kadhaa ya toleo ambalo halikubadilishwa. Ndiyo maana magari adimu hayaonekani katika orodha nyingi. Kukosekana kwao hakuwasifu wala kuwalaumu watengenezaji wake.

Nafasi ya 6 na nafasi ya 14 katika orodha ya namna hiyo zinaweza kuwa kitu kimoja kilichotikiswa na bahati. Natamani kila orodha ingechapisha idadi ya magari kando ya kila alama.

#19 Kilomita_Laki
Bi_Takwimu akishika hesabu hatuondoki mapema, lakini leo nashukuru. Niongeze kikwazo kingine: umri si mwendo. Dodoso huuliza miezi 12, na ukaguzi hupanga kwa miaka. Gari dogo la mtu anayekwenda nalo sokoni na kurudi, na gari la dizeli la mfanyabiashara anayevuka nchi nzima kila wiki, huwekwa katika rika moja. Ripoti ya TÜV angalau huandika wastani wa kilomita kando ya kila gari. Wengi huiruka safu hiyo, nami naiona kuwa safu ya kwanza ya kusomwa. Gari lenye asilimia kubwa ya kasoro na kilomita nyingi mno huenda likawa imara kuliko lile lenye asilimia ndogo ambalo limelala kwenye banda.

#20 Mtetezi_wa_Lugha
Nimesoma kuanzia juu, na naona sehemu ya ubishi imejificha ndani ya maneno. Tunasema uimara, kutegemeka na ubora kana kwamba ni kitu kimoja. Gari imara ni lile ambalo injini na chasisi yake hudumu. Gari la kutegemewa ni lile ambalo asubuhi huwaka na jioni hukurudisha. Ubora ni milango inayofunga vizuri na rangi isiyobanduka. Gari linaweza kuwa imara na lisitegemeke, kwa mfano lenye injini ya kudumu na sensa zinazolizima kila mvua inaponyesha. Orodha zinazoyapanga magari kwa kuangalia yaliyofikisha kilomita laki tatu au laki nne zinapima uimara. ADAC wanapima kutegemeka. Siku 90 za J.D. Power zinapima ubora. Msafiri akijiuliza anatafuta lipi, atajua asome ipi.

#21 Nyota_ya_Asubuhi
Mtetezi, nimependa mgawanyo huo, ila orodha za laki tatu na laki nne nazo zina mtego wake. Magari mengi yanayofika huko ni makubwa ya kazi, ambayo wenyewe hutembea mwendo mrefu barabara kuu kwa kasi moja, na matengenezo yake ni ya lazima kwa kuwa ndiyo riziki ya mtu. Gari dogo la mjini linaweza kuwa na injini nzuri sawasawa na likafa kwa umri kabla ya kufika laki mbili.

Kuna na mtego wa waliosalia. Ukitazama magari ya miaka 15 katika takwimu yoyote, yale mabovu kabisa yalishakatwa vyuma. Waliobaki kujibu dodoso ni wenye magari yaliyonusurika.

#22 Fundi_Mzee
Hilo nimeliona kwa macho. Wenye magari makuukuu wanaokuja kwangu ni watu wanaoyapenda. Hubadilisha oili kabla ya wakati, na hawangoji sauti igeuke kuwa moshi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hao huziba. Kwa hiyo nina dai ambalo natumaini Bi_Takwimu atalijibu: nusu ya kinachoitwa sifa ya gari ni sifa ya watu wanaolinunua.

#23 Bi_Takwimu
Nusu ni neno kubwa, lakini lipo jaribio la asili linalokupa nguvu. Kiwanda cha NUMMI kilichokuwa Fremont, California, kati ya 1984 na 2010, kilikuwa cha ubia wa General Motors na Toyota. Humo ndimo Corolla na Geo Prizm zilitengenezwa katika mstari mmoja na wafanyakazi walewale, zikiwa na tofauti ndogo tu za nje. Hata hivyo, sokoni zikishatumika, Prizm ilipoteza thamani haraka kuliko Corolla. Chuma kilikuwa kimoja, jina likawa mbalimbali.

Ila kisa hicho kinaonyesha kwamba bei husikiliza jina. Hakithibitishi kwamba madodoso nayo husikiliza jina kwa kiasi hichohicho.

#24 Fundi_Mzee
Anayelipa kwa kusikiliza jina ndiye huyohuyo anayejaza dodoso, dada yangu. Moyo haubadiliki kati ya karatasi hizo mbili.

#25 Waya_na_Betri
Kuna mahali jina lilipewa alama kabla ya ushahidi, na taasisi yenyewe ikajirekebisha. Hadi mwaka 2007 Consumer Reports ilikuwa ikiyapendekeza magari mapya ya Toyota hata pale ambapo toleo lilikuwa limebuniwa upya na halina takwimu bado, kwa kutegemea historia. Oktoba mwaka huo ilitangaza kuacha desturi hiyo, baada ya Camry ya silinda sita, Tundra ya V8 yenye magurudumu manne ya kuvuta, na Lexus GS ya aina hiyo kushuka chini ya wastani. Mgema alisifiwa, tembo likatiwa maji.

#26 Kilomita_Laki
Methali yako imewaonea, mkuu. Toleo likibuniwa upya huja na hitilafu zake mpya kwa kila mtengenezaji. Injini mpya, giaboksi mpya na programu mpya hukutana barabarani kwa mara ya kwanza mikononi mwa mteja. Somo la 2007 nalisoma kwamba alama hufuata ubunifu, haifuati nembo. Mwaka wa kwanza na mwaka wa nne wa toleo moja ni magari mawili tofauti, na orodha inayotoa alama moja kwa toleo zima huficha hilo.

#27 Mama_Usukani
Na kampuni za dhamana? Bi_Takwimu alizitaja mwanzoni kisha hatukuzisikia tena. Nadhani zenyewe zina hesabu za pesa halisi zilizotoka, na magari yake ni ya umri ule anaoutafuta Msafiri.

#28 Nyota_ya_Asubuhi
Umegusa penyewe. Uingereza kuna faharasa ya Warranty Direct iliyotungwa hivyo, kutokana na madai ya matengenezo, ikichanganya mara ngapi gari huharibika, gharama, umri na mwendo. Magari hayo yameshatoka katika dhamana ya kiwandani, kwa hiyo kwa hoja ya umri ndiyo yanayofanana na la Msafiri. Vipuri vinavyolika kwa kawaida, kama pedi za breki, havihesabiwi humo.

Kasoro yake ni kwamba anayenunua dhamana mara nyingi ni yule mwenye wasiwasi na gari lake. Gharama nazo hupotosha: sensa moja ya gari la kifahari hulishusha chini kuliko alternata ya gari la kawaida, ingawa yote mawili yalikwama mara moja. Kwa mfuko wa mnunuzi hilo ni haki. Kama kipimo cha ufundi, si haki.

#29 Tuliza_Boli
Na nani analipia utafiti wenyewe? Nadhani ndipo penye mzizi. Consumer Reports haichukui matangazo ya biashara, na magari inayoyajaribu huyanunua yenyewe. J.D. Power huuza takwimu zake kwa watengenezaji, na anayeshinda hulipia ruhusa ya kuitumia tuzo katika matangazo. Siwezi kuziamini kwa kiasi kilekile.

#30 Mtetezi_wa_Lugha
Naelewa kidonda chako, ndugu, ila hoja hiyo inaweza kupinduliwa. Mtengenezaji anayenunua takwimu ili arekebishe kiwanda chake anataka takwimu za kweli, tena za kina. Zingekuwa za kumpendeza angekuwa ametupa pesa. Mimi nina shaka zaidi na kile kinachochapishwa nje. Mtengenezaji huona vipengele vyote 184, na mnunuzi huonyeshwa jina la mshindi.

#31 Msafiri_Mpole (mleta mada)
Wakuu, ahsanteni sana. Nimezirudia orodha zangu mbili nikiwa na maneno yenu mkononi. Ile iliyolisifu gari iliwauliza wamiliki wa kwanza, gari likiwa na miaka mitatu. Ile iliyoliangusha ni ya ukaguzi, rika la miaka minane na tisa, na nilipofungua kurasa za ndani nimekuta kasoro zimejaa kwenye bushi, viungo vya ekseli na diski za breki. Uvujaji wa oili uko kwenye wastani. Safu ya kilomita aliyoitaja Kilomita_Laki iko juu kuliko ya karibu magari yote ya rika lake.

Sasa nimebaki na swali ambalo sikuja nalo. Fundi_Mzee na Mkaguzi_Mstaafu, bushi na viungo vikifa mapema kwa gari linalotembea sana, hiyo ni dhambi ya gari au ni ya mwendo?

#32 Mkaguzi_Mstaafu
Ningesema ni ya mwendo. Mpira huchoka kwa idadi ya mitikisiko. Tafuta katika ripoti hiyohiyo gari jingine lenye uzito na kilomita zinazokaribiana, uone limefeli kwa kiasi gani kwenye viungo hivyohivyo.

#33 Fundi_Mzee
Nami ningesema ni ya gari, mpaka nionyeshwe vinginevyo. Yapo magari mazito zaidi ya hilo yanayofika laki mbili na bushi za kiwandani. Kabla hujatoa senti, lipandishe gari unalolitaka juu ya jeki, ingiza mtalimbo kati ya mkono wa chini na chasisi, usukume taratibu na kutazama mpira unavyofunguka. Kisha urudi hapa utuambie ulichokiona.

#34 Bi_Takwimu
Msafiri, ukifanya ulinganisho aliousema Mkaguzi, chukua magari matano au sita ya uzito huo, usichukue moja. Moja linaweza kuwa la bahati.